Kisanduku cha Macho cha Abbasi

Jumapili, 28 Novemba 1971

Mwalimu wetu wa elimu ya watu wazima alitugawia madaftari, akasema kila mtu aandike mambo yake siku kwa siku ili mkono usisahau kazi. Wenzangu wameandika majina yao kwenye jalada, kurasa wakafungia mayai. Mimi nitaandika, na sababu ninayo. Abbasi ananiibia kete.

Abbasi ni fundi viatu, kibanda chake kimepakana na changu hapa Ng'ambo. Mimi ni fundi cherehani. Babu yake alikuja na misafara kutoka Uzaramo akanogewa na Tabora, nami ni Mnyamwezi, kwa hiyo ni mtani wangu. Ana haki ya kunitukana mbele ya wakwe zangu na kuondoka na kuku wangu, na mimi sina ruhusa ya kununa. Sheria hiyo naijua na naifuata. Lakini bao si kuku. Tangu Ramadhani, kila tukicheza, naacha kete nne kwenye shimo la pembeni kushoto, zamu yangu ikirudi nakuta mbili. Nikimuuliza anacheka. Anasema, "Kipofu wewe, mpagazi. Babu yako naye alipoteza mizigo ya babu yangu hivi hivi."

Tutaona nani kipofu.

Alhamisi, 2 Desemba

Mvua imeshika. Kikundi chetu cha mafundi kimekwenda Itetemia kupanda karanga kwenye shamba la ujamaa. Luhende seremala, mwenyekiti wetu, ametukumbusha tulichokubaliana: mavuno yakiuzwa, kikundi kinanunua cherehani ya pili. Sare za shule zinatushinda kwa mashine moja. Na kwenye hiyo mashine atakaa Zamda, binti yangu.

Zamda kamaliza darasa la saba mwaka jana. Ana mkono ambao sikumfundisha mimi, kazaliwa nao. Kwa sasa anashona pindo kwa sindano ya mkono, amekaa kwenye mkeka miguuni pangu, na kila mteja anayeingia anadhani ni mtoto mgonjwa anayengoja dawa. Nataka akae kwenye kiti, pembeni yangu, mashine mbili ziseme pamoja. Sina ombi lingine kwa mvua za mwaka huu.

Jumatatu, 13 Desemba

Yahaya, mpwa wake Abbasi, amerudi na treni kutoka Dar es Salaam alikokwenda kuona sherehe za miaka kumi ya Uhuru. Wenzake wamerudi na khanga. Yeye kaja na kisanduku cheusi cha plastiki chenye matundu mawili ya kutazamia. Unaingiza sahani ya karatasi iliyozungushiwa vipicha, unakibandika usoni, unaelekea kwenye mwanga, unabonyeza kitufe, picha inabadilika.

Luhende alikuwa wa kwanza. Mtu mwenye wajukuu, lakini alipomwona simba alirudi nyuma akapiga teke kopo la gundi. Abbasi akanyoosha mkono kushika mkonga wa tembo, akashika pua ya Yahaya. Mpaka jioni walikuwa wameshatunga mchezo: anayevaa aonyeshe kwa kidole pua ya simba ilipofika, na akikwepa ametoka.

Nikapewa mimi. Nikamwona simba. Mzuri, wa rangi, sawa na yule wa kalenda ya dukani, amelala bapa kwenye karatasi yake. Nikangoja atoke. Hakutoka. Nilipokishusha wote walikuwa wananitazama. Nikawaambia ni picha. Wakacheka, na Abbasi akasema, "Si nilisema huyu kipofu?"

Nimelifikiria jambo hili. Watu wazima wanarukaruka kwa picha ya kalenda, kisha wote wananigeukia mimi. Hapa pana njama. Abbasi kawapanga.

Jumanne, 14 Desemba

Mvua. Nimemwaga chai. Mke wangu Mwanahawa kanunua vikombe vya mdomo mwembamba, halafu huyo huyo ananiambia niangalie ninapomimina.

Jumatatu, 20 Desemba

Sasa nimeelewa. Abbasi amesimama mbele ya kikundi akapendekeza tukinunue kisanduku cha Yahaya pamoja na sahani zake zote, kwa mavuno ya karanga. Cherehani isubiri mwakani. Hoja yake: kazi tunayo, starehe hatuna, mafundi wanazeeka wakitazama visigino na vifundo vya watu, kisanduku kitatupeleka tusikofika, na wa nje wakitaka kuchungulia watachangia kikundi.

Nikasimama na mimi. Nikasema bao wanacheza wawili na kumi wanafaidi. Kitu hiki anafaidi mmoja na kumi wanapanga foleni. Sahani ukishaitazama umeitazama. Simba hatabadili mawazo. Na ukikibandika machoni uko katikati ya watu lakini haupo, ukisalimiwa hujui. Watu walitikisa vichwa, wengine kwa kukubali na wengine sijui kwa nini. Luhende amesema tutaamua karanga zikishang'olewa.

Kwa hiyo si utani tu, ni biashara ya mjomba na mpwa. Anamuuzia mpwa wake kwa jasho letu, na ili auze inabidi wote waseme simba anatoka.

Jumatano, 5 Januari 1972

Palizi. Luhende amenipita barabarani bila salamu. Mwanahawa, aliyekuwa nyuma yangu, anasema alinisalimu mara mbili kutoka upande wa pili nami sikugeuka. Mke wangu naye ameanza kumtetea Luhende.

Jumapili, 9 Januari

Mvua.

Jumanne, 18 Januari

Nimegonga bega kwenye mwimo wa mlango wa kibanda changu mwenyewe. Luhende ndiye aliyeutengeneza mlango ule. Siku hizi mbao zake hazikai sawa.

Alhamisi, 27 Januari

Idd ya kuchinja. Abbasi kaja, kabeba mguu wa mbuzi wangu bila kuomba, kama desturi. Alikuja na kisanduku. Watoto wa mtaa wote walikuwa uani kwangu wakimkwepa simba. Mwanahawa akakivaa na yeye. Nikamuuliza anaona nini, taratibu, kama sijali. Akasema anaona maporomoko, maji yako mbele, mwamba uko nyuma, na kati yao pana nafasi ya mtu kupita.

Nikachukua nikatazama picha ile ile. Maji na mwamba vimebanana kwenye karatasi moja. Nimelala na mwanamke huyu chini ya paa moja tangu wakati wa mkoloni, hajawahi kunidanganya hata bei ya kitunguu. Abbasi kamwahidi nini?

Ijumaa, 11 Februari

Nyasi shambani zinatushinda. Kichwa kinauma.

Jumamosi, 19 Februari

Bruda Ambrosi kaja na baiskeli kutoka Kipalapala. Seminari inataka kanzu za Pasaka, nyeupe, kola za kusimama. Kazi ya heshima. Nikamwambia Zamda akae aone kola inavyoshonwa na mtu anayejua.

Akakaa. Baada ya muda akasema, "Baba, niachie hiyo ya kushoto niipitishe mimi." Nikamuuliza kwa nini ya kushoto. Akainamia pindo lake. Na yeye ana siri.

Jumamosi, 4 Machi

Uzi wa siku hizi hauingii kwenye tundu la sindano. Nimemrudishia muuza duka, kaulamba mara moja ukaingia. Watu wana viini macho.

Jumamosi, 11 Machi

Bruda Ambrosi amerudi na kanzu. Kola zote zimekwenda kombo upande mmoja. Alizipanga mezani moja moja, bila hasira, akaniuliza, "Fundi, macho yako mazima?" Nikamwambia ni uzi. Akaniangalia, akasema basi tutafute uzi mwingine. Alipoondoka Zamda alikaa na wembe akaanza kufumua. Afadhali angenilaumu.

Nimeona aibu ambayo sijaiona tangu nilipokuwa mwanafunzi wa fundi.

Jumapili, 12 Machi

Bao. Kete zimepotea tena. Nikamwuliza Abbasi, nikangoja tusi langu. Hakutukana. Alizirudisha kwenye shimo kutoka kiganjani mwake, akasema, "Samahani, fundi Mabruki."

Fundi Mabruki! Mtani akianza adabu, shika mfuko wako. Nadhani ameshapata kura za kutosha.

Jumatano, 22 Machi

Tumeanza kung'oa karanga. Mavuno mazuri, alhamdulillahi. Mkutano ni Jumapili kwenye karakana ya Luhende. Nimepata mbinu ya kuwaumbua.

Jumapili, 26 Machi

Nitaandika yote, maana leo sijui nitafanya nini kingine.

Karakana ilijaa. Walikaa kwenye mbao na magogo, wanaume upande mmoja, wanawake waliolima nasi upande mwingine. Abbasi alirudia hoja zake kwa kifupi, na nikaona hana moto wa Desemba. Zamu yangu ilipofika nikawaambia kwamba tunakaribia kununua uongo, nami nitauonyesha. Nilichagua sahani ambayo haijawahi kuwekwa mbele ya watu, nikaomba kila mtu aingie peke yake chumba cha nyuma, anitajie kilicho mbele na kilicho nyuma, kisha atokee mlango mwingine asiwasimulie wengine. Waongo waliopangwa wanapangwa kwa jambo moja. Ukiwauliza jingine watagongana.

Nilikuwa nimekaa kwenye stuli na kisanduku mkononi, najiona hakimu. Picha ilikuwa ya soko la nchi fulani, mwanamke na kapu la machungwa.

Luhende akasema machungwa yako mbele kabisa, mwanamke nyuma yake, na mbali kuna mtu na punda. Akaja Yahaya, akasema hivyo hivyo. Akaja mwanamke wa Itetemia ambaye hajawahi kukigusa, akaangua kicheko akasema chungwa moja anaweza kulichuma. Akaja Mwanahawa. Hivyo hivyo. Kila mmoja nilimsikiliza mpaka mwisho kabla hajatokea mlango wa pili. Wa mwisho alikuwa Zamda. Nikamwambia, mwanangu, mashine yako iko kwenye mizani hapa, sema ukweli. Machozi yalimlengalenga. Akasema, "Baba, machungwa yanatoka."

Hata damu yangu. Nilirudi mbele ya watu. Nikasema Abbasi ni mwizi, kwamba ameniibia kete miezi yote hii, ameiba ulimi wa mke wangu na wa mtoto wangu, na sasa anataka kuiba jasho la kikundi. Nikasema huu si utani tena. Nikamwita jina ambalo sitaliandika.

Mvua ilikuwa inapiga bati la Luhende. Abbasi akainuka, akaja mpaka mbele yangu, akapiga magoti kwenye vumbi la randa ili uso wake uwe sawa na wangu. Nikajiandaa kwa matusi, na kusema kweli niliyataka.

"Ndugu yangu," akasema. "Funika jicho la kulia kwa kiganja."

Nikamwuliza mchezo gani huo.

"Si mchezo. Funika."

Nikafunika. Nilidhani mtu amefunga madirisha. Kulikuwa na weupe hafifu upande wa mlango, na mbele yangu, alipokuwa Abbasi, palikuwa na kitu cheusi kisicho na uso. Nikaondoa kiganja, Abbasi akarudi. Nikafunika, akaondoka tena. Nilifanya hivyo sijui mara ngapi, watu wote wakinitazama, na hakuna aliyecheka.

"Nilianza kukuibia kete Ramadhani," Abbasi akasema. "Upande wa kushoto, mbele yako kabisa, ili upige kelele tucheke. Hukupiga kelele. Nikachukua tena. Nikachukua mbili. Nilipeleka mkono wote pale, Mabruki, hukutikisika."

"Ulikuwa unasema mimi kipofu," nikamwambia. "Nilidhani ni utani."

"Na mimi nilikuwa naomba uwe utani."

Alieleza mengine pia, polepole, kama anayemweleza mgonjwa. Kisanduku kina picha mbili, kila jicho na yake, na ni macho mawili kwa pamoja yanayomtoa simba kwenye karatasi. Yahaya aliambiwa hivyo na aliyemuuzia. Abbasi aliposikia nimeona picha bapa alicheka na wengine, akaenda kwake akashindwa kula. Toka hapo hakujua aniambieje. Mtani akikuambia neno baya unacheka. Alitafuta mtu mwingine wa kuniambia, na Mwanahawa akamwomba asubiri, labda ni uchovu. Zamda alijua kutokana na kola.

Wote walijua. Nilikuwa sahihi kwamba pana njama, ila sikujua ni ya nini.

Mkutano ukaahirishwa. Abbasi alinishika mkono kunirudisha nyumbani, upande wa kushoto, na nilimwacha anishike.

Jumanne, 28 Machi

Hospitali. Daktari alinitazama kwa tochi, akabonyeza macho kwa vidole, akanifumba hili na lile. Amesema ni presha ndani ya jicho, inakula polepole bila maumivu ya kukushtua, na jicho moja likizidi kufa jingine linabeba kazi na mwenyewe hupati habari. La kushoto limekwisha. La kulia limeanza kuliwa pembezoni. Amenipa dawa ya matone, na akasema kwa upole kwamba kazi ya sindano niipunguze, na kama nina mtu wa kunishika mkono katika kazi, niiache.

Nimemwuliza niiache lini. Akasema, "Mzee wangu, nikupe tarehe ya nini?"

Naogopa.

Jumapili, 2 Aprili

Kengele za Pasaka zimesikika. Bruda Ambrosi alichukua kanzu jana, Zamda alizishona upya zote. Kola zimesimama. Nilizipapasa kwa kidole, sikupata kosa.

Alhamisi, 6 Aprili

Watu wamekuwa wema. Wanazunguka wanisalimie upande wa kulia. Muuza duka ananitungia uzi kabla sijaomba. Abbasi ananiita ndugu yangu asubuhi na jioni. Leo nimemwacha kuku mlangoni makusudi, amempita. Nimemwambia mjukuu wa mkimbia deni kama wewe unaogopa nini, ameniambia pole. Sijawahi kutukanwa kwa ukatili kama hiyo pole.

Jumanne, 11 Aprili

Mvua inapungua. Karanga zimeuzwa.

Jumapili, 16 Aprili

Mkutano. Luhende alisema kwa kuwa ya mara ya kwanza yaliingiliwa na ugonjwa, tuanze upya, na nikamwona anamtazama Zamda kwa namna ya mtu aliyekwisha kata shauri. Abbasi hakungoja. Akasema hataki tena kisanduku, anaondoa pendekezo lake, inunuliwe cherehani. Wote wakaitikia haraka. Walikuwa wanataka kunizawadia.

Nikaomba kusema. Niliwaambia kwanza kwamba Abbasi si mwizi, na jina nililomwita nalirudisha mdomoni mwangu. Kisha nikawaambia kwamba msimu mzima nimekipinga kitu ambacho sikuwahi kukiona. Hoja zangu nyingine bado nazishikilia: foleni itakuwepo, na sahani zitachosha, na nunueni mkijua hivyo. Lakini kinachotoka kinatoka. Nimeuliza mashahidi mmoja mmoja na ushahidi wao haukugongana. Mtu mwenye macho mawili asinyimwe kwa sababu ya mwenye moja.

Luhende akauliza, "Na cherehani, fundi? Sare je?"

Nilikuwa nimejiandaa kulisema hili kwa sauti nzuri, lakini sauti haikuwa nzuri. "Ya pili ilikuwa ya Zamda, ili akae pembeni yangu," nikasema. "Pembeni hapahitajiki tena. Ya kwanza imepata mtu, na mtu huyo ana kasi kunishinda mara mbili. Sare mtazipata."

Zamda akasema hapana, baba, na Mwanahawa akamshika bega. Abbasi alikuwa anatazama chini. Nikamwambia, "Mzaramo, umetaka kidude chako tangu Desemba, sasa unalia nini?"

Akafuta uso kwa kofia. "Silii. Nafikiri nani atakuwa anakushika mkono ukienda chooni, mpagazi. Maana mimi kwa malipo ya kuku tu siwezi."

Watu waliduwaa, kisha nikacheka mimi, na waliponiona nacheka wakacheka na wao. Kisanduku kimenunuliwa.

Jumatatu, 17 Aprili

Kumekucha na jua, bila wingu. Nimefungua kibanda, nimepangusa mashine, nimetia mafuta, nimepandisha kiti kidogo kwa ajili ya urefu wa Zamda. Kisha nikakaa kwenye benchi la wateja.

Zamda alisimama mlangoni muda mrefu. Sikumhimiza. Akaja, akakaa, akaweka mguu kwenye kanyagio.

Mteja wa kwanza alikuwa mama na kijana wake wa darasa la tano. Akaniamkia pale kwenye benchi, nikaitikia marahaba, akauliza fundi amekwenda wapi. Nikamwonyesha.